Ndoano Zilizoachwa Chini

Kila alfajiri, saa kumi na nusu, baba alikata vipande vinne vya mkate, akavipaka mafuta ya nguruwe na kuvifunga kwenye karatasi. Mgodi ulikuwa umefungwa tangu Novemba, lakini yeye aliendelea kukata tu. Jumatatu ile niliamka mapema, nikamshika mkono na kumpokonya kisu, nikabaki nacho.

"Baba, leo hakuna zamu. Wala kesho."

Akautazama mkate uliokatika nusu. "Haya," akasema, akaenda kukaa dirishani.

Nilifundishwa hivyo chuoni, mjini Katowice: mtu hawezi kuanza maisha mapya kabla hajayaaga ya zamani. Kampuni ilikuwa imeniajiri kama kocha wa maisha, niwaandae wachimba makaa kumi na wawili kwa maisha ya baada ya mgodi, na baba alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kila niliposimama mbele ya watu, shingo iliniiva nyekundu.

Asubuhi hiyohiyo niliwakusanya katika ukumbi wa kubadilishia nguo. Nguo zao za kazi zilining'inia juu darini, kila mtu na mnyororo wake na ndoano yake. Ukifungua kufuli ukutani, mnyororo unashuka.

"Kocha wa mpira namjua," alisema Achim, mcheshi wao. "Kocha wa maisha ndiyo kwanza namwona. Sasa timu ikifungwa, anafukuzwa yeye au sisi?"

"Sisi tumeshafukuzwa, mjinga wewe," mwenzake Ginter akamjibu.

Wakacheka. Nami nikacheka, nikapata ujasiri.

"Shusheni nguo zenu mwende nazo nyumbani," nikasema. "Ila minyororo msiipandishe tena. Ndoano zibaki sakafuni, iwe ishara kwamba ya hapa yamekwisha."

Kicheko kikakatika. Ginter akavua kofia.

"Binti," Achim akasema polepole, "unajua unachotuomba?"

"Najua ni vigumu," nikajibu, kama kitabu kilivyoagiza.

Hakuna aliyesogea. Shingo ikaanza kuniiva. Baba akanitazama, kisha akainuka. Alifungua kufuli namba 317, akashusha nguo zake, akabana buti kwapani na kuiacha ndoano chini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Kwenye ripoti niliandika: wote wameshiriki.

Achim alinisubiri mlangoni. Hakuwa na utani tena.

"Hapa kwetu ndoano huachwa chini kwa mtu wa aina moja tu, aliyefia shimoni. Wenzake ndio humshushia. Baba yako alimshushia mdogo wake, Ernest. Hajawahi kukwambia?"

Hakuwahi. Kabla ya siku hiyo wanawake hatukuwa tukiingia ukumbini mle, na mezani kwetu mgodi haukutajwa.

Jumatano kampuni ilinipigia simu. Walikuwa wameipenda sana ripoti, wakataka zoezi la ndoano lifanyike kwenye migodi mingine miwili. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Wiki nzima baba hakukata mkate. Aliamka saa ileile, akavaa, akakaa dirishani mpaka kulipopambazuka. Jumapili nilishindwa kuvumilia. Nilimwekea mkate mezani, nimeshaukata, nimeshaupaka. Hakuugusa.

"Baba, Achim ameniambia habari za baba mdogo Ernest. Mbona hukunikataza?"

"Mbele ya watu? Na shingo imekuiva vile?"

"Ungenikataza tu."

Alikusanya kwa kidole chembe za mkate zilizodondoka mezani, akazifanya kichuguu kidogo. Nilidhani mazungumzo yameishia hapo, kama yalivyoishia siku zote nyumbani kwetu.

"Pale ukutani, mkono wangu kwenye kufuli, nilikuwa na neno," akasema. "Nikalimeza, usije ukaaibika." Akanyoosha kiganja juu ya meza. "Mimi sijafa, Malwina. Nirudishie kisu changu."