Ng'ombe Wanane kwa Kadi ya Buluu

Jumamosi ile Lutengano aliamka kabla ya kengele ili aiwahi pasi. Bweni zima la chuo cha ualimu lilikuwa na pasi moja ya mkaa, na wanafunzi waliokuwa waanze mazoezi ya kufundisha Jumatatu walikuwa kumi na tisa. Zamu yake ilipofika, mkaa ulikuwa umekwisha kuwa majivu. Akaisukuma hivyo hivyo juu ya shati lake jeupe, akijidanganya kwamba mikunjo inapungua. Kaptura ya kaki alikuwa nayo. Soksi aliazima. Kilichokosekana ni viatu.

Mwalimu Ezekia, msimamizi wa mazoezi, alikuwa amelisema jambo hilo mara tatu, na mara ya tatu alilisema akiitazama miguu ya Lutengano. Asiye na viatu vyeusi vya ngozi hasimami mbele ya darasa. Asiyesimama mbele ya darasa anarudia mwaka, na anayerudia mwaka hapewi posho. Bila posho ni kurudi nyumbani milimani kulima viazi, na miaka yote ya shule iwe imekwenda bure.

Mwaka uliopita viatu vya namna hiyo viliuzwa shilingi kumi na nane. Mwaka huo wa 1956 vilikuwa vimefika ishirini na nne, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Posho ya Lutengano ilikuwa shilingi nane kwa mwezi, na sabuni, stempu na mafuta ya taa yalikuwa yakiimaliza kabla mwezi haujafika katikati.

Mjini Mbeya palikuwa na njia mbili za kukopa viatu. Ya kwanza ilikuwa duka la Merali, Mhindi wa karibu na soko. Merali alikuwa na kadi za buluu, ngumu, zenye vyumba kumi na viwili vya miezi kumi na miwili. Unachukua mali leo, unalipa kidogo kidogo, naye anapiga muhuri katika kila chumba. Lakini sheria ya serikali ilimkataza Mhindi kumkopesha Mwafrika bila kibali cha maandishi kutoka boma. Akithubutu, hakuna mahakama itakayosikiliza madai yake. Njia ya pili ilikuwa Ambrosi, mtu wa Iringa, aliyeuza viatu vilivyokwisha kuvaliwa katika kibanda nyuma ya soko. Ambrosi hakuhitaji kibali cha mtu. Alihitaji rehani tu, na bei yake ya viatu vya zamani ilikuwa kubwa kuliko ya Merali ya viatu vipya.

Mtu mwenye akili za kawaida angekwenda kwa Ambrosi akamalizana naye. Lutengano alikuwa na akili za chuo. Alikwisha kuwaona walimu wa mjini wakiingia kanisani na kadi ya Merali katika mfuko wa shati, imechomoza kidogo ili watu waione. Mwenye kadi ile ni mtu aliyeaminiwa. Miaka mingi baadaye, alipokuwa tayari kuyasema mambo haya, alikiri kwamba siku zile aliitaka kadi kuliko alivyovitaka viatu.

Jumatano alikuwa amekwenda boma, akalipa senti hamsini, akapewa fomu. Fomu ilitaka mdhamini mwenye mali, aje mwenyewe kuweka dole gumba. Akamtuma dereva wa lori la viazi ampelekee baba yake habari.

Mzee Andendekisye alishuka kwenye lori hilo hilo Jumamosi saa mbili, amevaa kabuti zito alilopewa alipotoka vitani, na mkononi ameshika mahindi ya kuchemsha yaliyofungwa katika jani la mgomba. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mwezi huo haina adabu.

"Ugonile, mwanangu?" mzee akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, tata. Umesafiri salama?"

"Salama. Mama yako anakusalimu. Kula kwanza, yatapoa."

"Nitakula baadaye. Boma wanafunga saa sita."

Walikuta foleni imekwisha kuzunguka ukuta. Lutengano akakaa kwenye benchi, akaweka fomu juu ya goti, akaanza kujaza. Jina la mwombaji. Kabila. Dini. Jina la mdhamini. Mkono wake ulikwenda vizuri mpaka swali la saba: mali ya mdhamini, taja idadi.

Zizini kwa baba yake walilala ng'ombe wanane. Watatu walikuwa wa baba. Watano walikuwa wa Jailos, rafiki wa baba yake tangu walipochimba dhahabu pamoja kule Lupa, mtu aliyeishi upande wa pili wa milima. Ndivyo watu wa kwao walivyozoea: hufugi ng'ombe wako wote mahali pamoja, unawaweka wengine kwa mtu unayemwamini. Yeye anakunywa maziwa na kupata ndama mmoja mmoja, wewe unajua mali yako ipo. Mtunzaji hawahesabu hadharani, wala hasemi ni wa nani. Lutengano alikua akinywa maziwa ya ng'ombe wa Jailos, na hakuwahi kumsikia baba yake akitaja idadi yao.

Lakini watatu, kwenye karatasi, walionekana wachache mno. Mtu mwenye ng'ombe watatu ni maskini kama maskini wengine. Akafikiri: hii ni karatasi ya mkopo tu, nani atapanda milimani kuhesabu? Akaandika 8, akaikoleza wino.

"Umeandika nini hapo?" baba yake akauliza. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameiona kalamu ikisita.

"Mambo ya kawaida, tata. Jina, kijiji, kanisa."

"Haya."

Mzee akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka pale mwanawe alipomwonyesha, kwa uangalifu mkubwa, lisitoke kwenye mstari.

Saa tano na robo walifika dirishani. Karani alikuwa Philbert, kijana wa Kalenga mwenye tai na kalamu mbili mfukoni. Lutengano alimsalimu kwa Kihehe ili kujipendekeza.

"Kamwene, bwana karani."

"Kamwene. Lete." Philbert akaisoma fomu bila haraka. "Ng'ombe nane. Mzee ana mali." Akaingia nayo ndani kwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya. Lutengano akamtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Neno ng'ombe lilikuwa limesemwa, lakini mzee alikuwa akiziangalia kalamu za karani, na Lutengano akashukuru.

Philbert hakukawia. Fomu ilirudi na mstari mwekundu.

"Imekataliwa. Wewe ni mwanafunzi. Kibali ni cha mwenye mshahara au mwenye biashara."

"Lakini Jumatano ulijua mimi ni mwanafunzi. Nilikuja na sare ya chuo."

"Jumatano uliomba fomu, nikakupa fomu. Hukuuliza kama utapata."

"Na senti hamsini zangu?"

"Ni za fomu. Fomu si umeitumia?"

Hapo Lutengano angeweza kuondoka na hasara ya senti hamsini, na hadithi hii isingekuwa na uzito wowote. Lakini Philbert alikuwa karani mwenye bidii, na bidii ya makarani wa namna yake imewatesa watu wengi kuliko uvivu wao. Alivuta kitabu kipana kutoka rafuni, akapitisha kidole kwenye majina.

"Mzee Andendekisye. Hapa kwenye kitabu cha kodi ya baraza unalipia ng'ombe tatu. Miaka miwili sasa, tatu, tatu. Hapa kwenye fomu kuna nane, na dole lako liko chini yake. Ipi ni kweli?"

Mzee aligeuka polepole akamtazama mwanawe. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule mshangao wa mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

"Bwana karani, ni mimi nilikosea," Lutengano akasema haraka. "Baba hajui kusoma. Ni tatu. Futa nane, andika tatu."

"Karatasi ya serikali haifutwi. Mzee, hizo tano ni za nani? Kama ni za mtu mwingine, taja jina lake, tumtafute alipe yeye."

Foleni nyuma ilikuwa imesogea kusikiliza. Lutengano alijua baba yake akisema "Jailos" kodi hiyo haitakuwa yake tena. Alitamani alitaje. Aliona aibu kutamani, na bado alitamani.

"Ni zangu," mzee akasema.

"Zote nane?"

"Si nimeweka dole? Zangu."

Philbert akaandika. Ng'ombe watano, miaka miwili, shilingi mbili kwa kila mmoja kwa mwaka: shilingi ishirini, zilipwe barazani ndani ya mwezi mmoja. Akang'oa kijikaratasi, akampa mzee, akaita mtu aliyefuata.

Nje jua lilikuwa limetoka bila joto. Mzee Andendekisye alikunja kile kijikaratasi mara nne, akakiweka katika mfuko wa ndani wa kabuti. Walitembea mpaka karibu na soko.

"Jina, kijiji, kanisa," mzee akasema.

"Tata, nisamehe. Sikujua watafungua kitabu kile."

"Mimi pia sikujua. Ndiyo maana nilikuuliza." Akapiga hatua chache. "Kesho baada ya ibada nitazifungua nizipeleke kwa Jailos. Siwezi kukaa nazo tena. Habari ikimfikia kwamba nimesimama bomani nikasema ng'ombe zake ni zangu, nitamweleza nini?"

"Mweleze ukweli. Kwamba ni mimi."

"Kwamba mwanangu msomi ndiye aliyeandika?" Mzee akatikisa kichwa. "Hapana. Nitamwambia majani yamepungua."

Lutengano akawafikiria wadogo zake, Sekela na Tupokigwe, na kibuyu cha maziwa ya mgando kilichoning'inia jikoni. Katika wale watatu wa baba, aliyekuwa akikamuliwa ni mmoja tu.

Merali alikuwa mlangoni pa duka lake. "Mwalimu, kibali?"

Lutengano akatikisa kichwa.

"Pole sana. Mimi nilishaandika jina lako, nikajua utapata." Akaingia ndani, akatoka na kadi ya buluu, mpya kabisa, yenye jina la Lutengano kwa wino mweusi na vyumba kumi na viwili vitupu. "Chukua tu. Siwezi kumpa mtu mwingine kadi yenye jina lako."

Akaichukua. Angeweza kuikataa, lakini aliichukua.

Kwa Ambrosi viatu vya saizi yake vilikuwa jozi moja, vyeusi, visigino vimelika upande mmoja. Shilingi thelathini, zilipwe kabla ya Krismasi. "Rehani?" Ambrosi akauliza. Lutengano akatoa cheti chake cha shule, alichokuwa amekibeba kwa ajili ya boma. Ambrosi akakisukuma nyuma kwa kidole kimoja.

"Karatasi ninazo za kutosha, mdogo wangu. Nikitaka kuwasha moto nitakuita."

Macho yake yalikuwa kwenye kabuti. Mzee Andendekisye hakungoja kuambiwa. Alitoa kile kijikaratasi cha kodi mfukoni, akavua kabuti, akalikunja vizuri, mikono ndani, akaliweka juu ya meza ya Ambrosi.

"Tata, hapana. Kule juu kuna barafu asubuhi."

"Unataka kusimama mbele ya darasa au hutaki?"

"Nataka."

"Basi vaa viatu."

Alivivaa. Vilimbana vidole. Alimsindikiza baba yake mpaka kwenye lori, akamwona anapanda nyuma juu ya magunia matupu, amevaa shati la kitambaa chepesi, kijikaratasi amekishika mkononi. Lori lilipoondoka ndipo alipokumbuka kwamba mahindi yote alikuwa nayo yeye, na baba yake hakuwa amekula.

Jumatatu Mwalimu Ezekia alimkagua kuanzia juu kwenda chini. Aliiona kona ya kadi ya buluu katika mfuko wa shati, maana Lutengano alikuwa ameiweka pale asubuhi, na kwa nini, hilo asiulizwe. "Vizuri," Mwalimu Ezekia akasema. "Sasa unaanza kuonekana mtu." Akaketi nyuma ya darasa na daftari lake la alama.

Somo lilikuwa hesabu, darasa la pili. Lutengano alifungua kitabu mahali alipopangiwa, akanakili ubaoni swali la kwanza: Mzee ana ng'ombe wanane. Akiuza wawili, watabaki wangapi?

Mikono ikainuka. Akamchagua msichana mmoja wa mbele, Damari, mwembamba, miguu mitupu imepasuka kwa baridi.

"Mwalimu, hizo ng'ombe nane ni zake mwenyewe zote?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kama nyingine amewekewa, hawezi kuziuza."

Darasa halikucheka. Kwa watoto wale lilikuwa swali la maana, na wote wakamtazama mwalimu wapate jibu. Nyuma, Mwalimu Ezekia aliinua kichwa. Jibu lililoandikwa mwishoni mwa kitabu lilikuwa sita.

Lutengano alisimama na chaki mkononi, viatu vya Ambrosi vikimuuma, akamwona akilini baba yake akivuka milima na ng'ombe watano wa watu, bila kabuti.

"Amewekewa," akasema. Akafuta neno wanane kwa kiganja cha mkono. "Wake ni watatu tu. Andikeni watatu."

Alisikia kalamu ya Mwalimu Ezekia ikianza kuandika, na hakugeuka.