Wafalme Wawili wa Mama Vaileth

Haya alinieleza Demetria mwenyewe, Jumanne ile bomba la mtaa lilipochelewa kutoa maji mpaka saa tano, tukawa hatuna kazi ila kukalia ndoo zetu na kuongea. Alianza kwa kucheka, akamaliza kwa kucheka, na katikati alifuta macho mara moja, akasingizia vumbi.

Demetria, ambaye Mbagala yetu yote kuanzia kanisani mpaka kwa muuza mkaa inamwita Mama Vaileth, ni mjane wa marehemu Projestus. Vaileth kaolewa Mwanza. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Siku sita za wiki Demetria anaishi na redio. Ya saba, Jumapili saa nane, wanakuja watu watatu kucheza karata barazani kwake, na siku hiyo chai inachemshwa kwenye sufuria kubwa. Desturi hiyo aliianza Projestus, akafa, desturi ikabaki.

Watu wenyewe ni Bupe mwenye saluni, mwanamke asiyejua kunong'ona. Mudathir, mwenye Noah ya kukodisha, mpole kama maji ya mtungi. Na Godlisten, karani wa kutoa mizigo bandarini, aliyejenga Tegeta akahamia huko, na tangu ahamie hajaacha kuwasimulia wenzake habari za marumaru zake.

Huyo Godlisten ndiye aliyeleta balaa. Alijifunza poka kwenye simu, akaiona albastini, mchezo wao wa karata wa barazani, mchezo wa wastaafu.

"Sie tumezeeka kabla ya siku zetu," akasema. "Tuhamie kwangu Tegeta. Kuna meza ya duara, kuna feni, tutacheza poka kama watu."

"Feni!" Bupe akadakia. Mudathir akakuna shingo, jambo ambalo kwake ni kutokataa.

Demetria akamimina chai, lakini moyo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kandambili. Kutoka Mbagala hadi Tegeta ni mji mzima katikati, na magoti yake yale anayajua mwenyewe. Wakihama, atakwenda mara mbili, mara tatu, kisha ataanza kutoa udhuru. Jumapili itakuwa siku ya saba ya redio. Ila kusema "msiniache" hakuweza. Demetria ni Mhaya, na Mhaya ana maringo yake hata akiwa na njaa.

"Tushindanie basi," akasema. "Huko huko kwenye poka yako."

Godlisten akacheka, akakubali papo hapo. Wangekwenda kasino moja ya hotelini Mbezi Beach, mchana kweupe, kila mtu na elfu ishirini yake, isiongezwe hata senti. Itakapofika saa kumi na moja, mwenye vingi mbele yake ndiye atakayeamua Jumapili zao zichezewe wapi.

Jumapili iliyofuata wakapanda Noah ya Mudathir. Demetria alikuwa na kitenge chake cha misa ya pili, maana alisema akikutana na paroko atadai anapita tu. Njiani Godlisten akafundisha.

"Karata mbili mkononi mwako, tano mezani ni za wote. Jozi inashinda karata moja moja. Tatu zinashinda jozi. Na jozi kubwa inashinda jozi ndogo. Umeelewa, mama?"

"Kubwa inashinda ndogo. Hilo hata kuku wanalijua."

Sasa sikilizeni. Katika albastini mkubwa wa wote ni ree, yule mwenye alama moja. Anayemfuata ni saba. Mfalme anakuja nyuma ya saba, mikono mitupu. Ndivyo Projestus alivyomfundisha mkewe, na ndivyo Demetria alivyocheza miaka arobaini. Godlisten naye anayajua hayo, lakini hakukumbuka kusema kwamba huko waendako saba si mtu. Nani angekumbuka? Kuna anayefundishwa mkono wa kulia ni upi?

Kasinoni kulikuwa na baridi ya mashine na zulia lililomeza miguu. Mudathir akasema dini yake haimruhusu, akaagiza soda, akakaa pembeni na saa yake. Wengine watatu wakapewa vidude vya rangi vya kuchezea badala ya pesa. Demetria akaviita vifuniko, na mezani pote wakajikuta wanaviita vifuniko. Mgawaji alikuwa binti mmoja nadhifu aitwaye Felicitas. Wageni mezani walikuwa wafanyabiashara wawili wa samani, na kijana mmoja, Abdulrahman, mchezaji wa kila Jumapili, aliyevaa miwani ya jua ili asisomwe macho.

Demetria akamtazama. "Mwanangu, jua limekufuata mpaka humu ndani?"

Kijana akavua miwani haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Macho mazuri hivyo unayaficha ya nini?"

Hakuivaa tena.

Bupe alicheza kila mkono uliogawiwa. "Nimelipia, nikae nitazame?" akasema, na kila alipopata karata nzuri alishusha pumzi ikasikika mpaka kaunta. Nusu saa haikupita akawa mweupe, hana hata kifuniko kimoja, akamfuata Mudathir kwenye soda.

Godlisten alikuwa anashinda kidogo kidogo. Alikuwa anawaeleza watu kwamba poka si karata, poka ni kusoma mtu. "Mie nikikutazama machoni tu, nimeshakujua."

Ndipo Abdulrahman alipoongeza dau, rundo zuri, na zamu ikamfikia Demetria. Akachungulia karata zake mbili. Wafalme. Wawili. Akafyonza.

"Wafalme nao," akasema, "mpaka leo wanatafuta nini?" Akazitupa katikati ya meza, zimelala chali, kila mtu akaziona.

Felicitas akamwambia kwa upole kwamba karata zinatupwa kifudifudi. Lakini Abdulrahman alikuwa amekodoa yale macho mazuri. Polepole akafunua zake: ree mbili, jozi pekee inayowashinda wafalme.

"Mama," akasema, "umejuaje?"

"Nimejuaje nini?" Demetria akauliza, naye aliuliza kweli.

Wafanyabiashara wa samani wakatazamana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Hawa ndio wale mabingwa wanaojifanya hawajui." Kuanzia hapo, Demetria akigusa kifuniko, watu wanatupa karata. Akikohoa, wanatupa. Abdulrahman alitupa karata zake mara tatu kwa sababu tu mama kaweka sawa kitenge chake. Rundo la Demetria likapanda kama andazi, na yeye akafikiri ndivyo poka ilivyo, mchezo wa watu waoga.

Godlisten naye, aliyeanza kwa kumfundisha, akaanza kumtazama kwa jicho la kuibia. Kwamba huyu mama amekuwa akiwachezea shere barazani miaka yote?

Saa kumi na dakika hamsini Mudathir akasimama. "Jamani, mkono wa mwisho."

Godlisten na Demetria walikuwa karibu sawa. Felicitas akagawa. Godlisten akachungulia: wafalme wawili. Akasukuma karibu nusu ya vifuniko vyake. Wengine wote wakatupa. Demetria akachungulia zake: saba mbili. Saba mbili! Hapo juu yake ni ree tu. Akaona sufuria kubwa ya chai, akaona baraza lake na viti vyake vinne. Akafuata dau.

Mezani zikafunuliwa tatu za kwanza: nne, tisa, mbili. Takataka.

"Mie naweka vyote," Demetria akasema, na akasukuma kwa mikono miwili, kama mtu anayeingiza kuni jikoni.

Godlisten akamtazama machoni, akasoma. Na alisoma vizuri, maana hofu haikuwemo hata chembe. Mwanamke huyu aliwatupa wafalme akawa sahihi. Sasa asukume vyote bila ree? Jasho likamtoka chini ya baridi ya mashine. Akawabusu wafalme wake, akawatupa.

"Umenipata, mama. Nionyeshe basi hizo ree."

Demetria akafunua kwa raha, kama anayefunua pilau. "Saba mbili, baba!"

Godlisten akainama kuzitazama.

"Saba?" Godlisten akasema. "Mama, mie nimetupa wafalme!"

"Si ndiyo maana umeshindwa."

"Mfalme anaipiga saba!"

"Tangu lini?"

Demetria akamgeukia Felicitas. Binti akainamisha macho. "Tangu zamani, mama. Saba huku ni ya kawaida tu."

"Na wale wafalme wangu niliowatupa?"

"Walikuwa wakubwa sana, mama."

"Yesu na Maria!"

Abdulrahman aliweka paji la uso mezani, mabega yakawa yanatikisika. Bupe alikwisha kaa chini kwenye zulia.

"Haihesabiki!" Godlisten akapiga meza. "Hakujua anachofanya!"

Demetria akatazama vifuniko vyote vile mbele yake, na ghafla akaviona si vyake. "Kama nimekosea, turudie," akasema, na sauti ikamponyoka ikawa ndogo. "Ila Tegeta ni mbali, Godi. Mie sitafika. Nitabaki na redio."

Alikuwa ameshasema. Hakuna aliyejua atazame wapi.

Mudathir, asiyesemaga, akaweka chupa chini. "Godlisten, nani alikushika mkono ukatupa wafalme? Ulisema unasoma watu. Ndio umesoma hivyo. Saa kumi na moja imefika, twende zetu."

Kwenye Noah, Godlisten alinuna mpaka Mwenge. Walipofika Tazara akasema, bila kumtazama mtu, kwamba hata hivyo ile meza yake ya duara ina mguu mbovu. Bupe akauliza habari ya feni. Akasema feni inabebeka.

Walikunywa chai barazani, wakala ndizi, wakaagana. Demetria alikuwa kitandani Godlisten alipopiga simu.

"Mama, nimefika. Jumapili ni saa nane ileile?"

"Saa nane. Uje na sukari."

"Sawa. Ila nikueleze kidogo, ili siku nyingine ujue. Wafalme wako wawili, ukiwalinganisha na jozi zote zinazoweza kutoka..."

Akaeleza kwa mifano, akaeleza na hesabu zake, kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ameeleweka, akasikia mkoromo. Akasikiliza kidogo, akaikata simu taratibu kama anayefunga mlango wa mwenye mtoto mchanga, akageukia ukutani, naye akalala.