Samaki wa Jiwe la Vyombo

Wanasema ziwa letu lina samaki mia mbili thelathini na sita. Si mimi niliyesema, mimi shule niliishia darasa la nne. Wamesema wenye vyeti, wakaandika kwenye karatasi, karatasi ikapigwa muhuri, na ikishapigwa muhuri hata samaki wenyewe hawana ruhusa ya kubisha.

Mia mbili thelathini na sita! Mimi peke yangu, kwa ndoano na mshipi, mwezi ukiwa mzuri nawatoa zaidi ya hao. Na nimevua hapa miaka ishirini na sita, kwa leseni halali. Ingekuwa kweli, ziwa ningelimaliza kabla binti yangu hajaota meno, na sasa hivi binti yangu ana watoto wake, anaishi mbali na simu hapigi.

Acha nieleze hesabu hiyo ilivyopatikana, maana mkono wangu umo. Sitajifanya malaika.

Nyumba yangu ina vyumba viwili, na mlango wa nyuma unatazama maji. Hatua thelathini kutoka mlangoni kuna jiwe bapa lililoingia ziwani kama ulimi. Hapo ndipo mke wangu alipokuwa akioshea vyombo. Kila asubuhi alichuchumaa na sufuria ya jana, akakwangua ukoko kwa kijiko, akagonga ukingo mara tatu, ko, ko, ko, akamwaga. Mwanzoni walikuja visamaki vya kucha. Baadaye wakaja perege wa kiganja, kisha wa sahani nzima. Mwisho wakawa wakisikia kijiko tu, maji yanatibuka kama yako jikoni.

Siku moja nikashuka pale na ndoano yangu. Alinitazama kama aliyenikuta na mkono ndani ya mkoba wake.

"Unataka kufanya nini, baba?"

"Si samaki hao? Wamejileta wenyewe."

"Hao wageni wangu. Umkaribishe mtu chakula halafu umchinje mezani? Nenda huko kwenye kina ukatoke jasho kama wanaume wenzako."

Nikaenda. Na tangu siku hiyo sikuwahi kutupa ndoano pale jiweni, hata siku ambazo nilirudi mikono mitupu na yeye akapika mboga bila kuniuliza kitu.

Alikufa mwaka juzi, saa tatu asubuhi, jua kali. Tumbo lilimshika ghafla. Gari la ofisi ya samaki lilikuwa limeegeshwa palepale mbele ya ofisi, mafuta tele, ila ufunguo ulikuwa kwenye droo, droo imefungwa, na mwenye droo yuko semina. Nilimpakia kwenye mkokoteni nikamsukuma hadi barabara kubwa. Tulipopata gari la mchanga la kutubeba, alikuwa hasemi tena. Baadaye niliuliza semina yenyewe ilihusu nini. Nikaambiwa: huduma bora kwa mwananchi.

Basi vyombo nikawa naosha mimi. Sijui kupika kitu kisiungue, kwa hiyo ukoko haukupungua, uliongezeka. Nikagonga ko, ko, ko, wakaja. Watu walipokuja kunipa pole waliongea sana. Hawa walikuja wakala, wakaenda zao. Nilipenda hivyo.

Mwenye ile droo sisi tunamwita Bwana Samaki. Ndiye mkuu wa ofisi: shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona viatu vimelowa. Mwaka huu, mvua zilipokatika, alikuja kwangu na binti mmoja wa chuo mwenye miwani, aliyekuja ofisini kwake kwa mafunzo.

"Mzee Ndoano," akasema Bwana Samaki, "huyu mtaalamu anataka kuhesabu samaki. Wewe unalijua ziwa. Tuweke wapi wavu?"

Hapa ndipo nilipokosea. Ningeweza kumpeleka kwenye matete, au kule kwenye kina, lakini huko gari halifiki, na yeye alikuwa ameshaanza kutazama viatu vyake. Na mimi moyo ulinituma vibaya. Nilitaka waone. Nilitaka hata mtu mmoja wa serikali aone kile mke wangu alichokitengeneza pale kwa ukoko na kijiko.

"Wekeni hapo jiweni," nikasema. "Hapo ndipo walipo."

Na kamba ya wavu nilishika mimi. Wakatoka samaki mia mbili kumi na wawili kwa mkokoto mmoja. Yule binti alipiga kelele ya furaha. Akakaa na mkasi mdogo, akawa anakata ncha ya mkia kwa kila mmoja, kidogo tu kama anayekata kucha za mtoto, anamrudisha majini.

"Haumii, mzee," akaniambia. "Ni alama. Tukirudi baada ya wiki mbili tutaona wangapi wamekatwa na wangapi hawajakatwa. Hapo tutajua ziwa zima lina wangapi."

Wakaondoka. Mimi asubuhi yake nikaosha vyombo vyangu kama kawaida, na keshokutwa, na mtondo. Hakuna aliyeniuliza naosha wapi. Sikujua kwamba ni swali.

Wiki mbili zilipopita wakarudi palepale. Wakatoa samaki mia na tisini, na kati ya hao mia na sabini na mmoja walikuwa na mikia iliyokatwa. Binti hakupiga kelele safari hii. Aliandika akiwa amekunja uso. Bwana Samaki alisimama mbali na maji akasema, "Si nilikwambia? Wamekwisha."

Habari kamili niliipata kwa Kinyozi. Kibanda chake kina kioo kilichopasuka katikati, ukikaa unaona nusu ya uso wako iko juu na nusu iko chini. Kila Jumapili naye hushika ndoano, kwa hiyo tangazo la ofisi alilibandika pembeni ya kioo, akanisomea huku akininyoa.

"Ziwa linafungwa miaka mitatu. Sababu: samaki waliobaki ni mia mbili thelathini na sita. Leseni zote zinafutwa mwisho wa mwezi. Uvuvi utaruhusiwa kwa kibali maalumu tu." Akasimamisha wembe. "Mzee Ndoano, sema kweli. Umekula wangapi wewe?"

"Nyoa, usinichekeshe. Utanikata."

"Nakuuliza kwa sababu jana mimi nimekula wawili. Sasa wamebaki mia mbili thelathini na wanne. Nikatoe taarifa?"

"Hiyo hesabu wameipataje?"

"Si hiyo mikia! Mara ya pili karibu wote walikuwa wamekatwa. Maana yake ziwa halina wengine. Wangekuwepo wengine, si wangeingia wavuni?"

Nililala na neno hilo, na kesho yake nikaenda jiweni na sufuria. Nikagonga. Wakaja. Maji yalikuwa safi mpaka chini, na kwa mara ya kwanza sikutazama vinywa vyao, nilitazama mikia. Imekatwa. Imekatwa. Imekatwa. Kila aliyekuja kula alikuwa na alama ya mkasi. Nikakaa juu ya jiwe na sufuria mapajani.

Walikuwa hawajahesabu ziwa. Walikuwa wamehesabu wageni wa mke wangu, mara mbili.

Nilitembea hadi ofisini na ndala zangu zenye maji. Bwana Samaki alikuwa anakunywa chai kutoka kwenye chupa, na yule binti yuko meza ya pembeni na makaratasi. Nikaeleza yote: jiwe, ukoko, kijiko. Bwana Samaki alicheka hadi chai ikamwagikia sahanini.

"Yaani mzee, unataka nimwandikie mkubwa wangu kwamba utafiti umeharibiwa na sufuria?"

"Mwandikie ukweli."

Lakini binti alikuwa amevua miwani. "Mkuu, anachosema kina maana. Samaki waliozoea kulishwa hawatawanyiki. Tumewashika walewale. Inabidi turudie."

"Turudie na mafuta ya nani?"

"Mara moja tu, mkuu. Mzee akiacha kuwalisha, watachanganyika na wenzao. Tutavuta wavu palepale, tutaona." Akanigeukia. "Utaweza, mzee? Siku kumi na mbili. Hata punje moja usiwape."

Bwana Samaki alipuliza chai yake. "Haya. Siku kumi na mbili. Asije akasema hatukumsikiliza."

Utaweza, mzee? Swali la mtu ambaye hajazika mtu.

Nilinunua beseni. Nikawa naoshea vyombo chumbani, nimeinama kama mwizi, na ukoko nauzika nyuma ya choo. Siku tatu za kwanza nikishuka tu kuchota maji, walisikia miguu yangu, wakajaa pale jiweni vinywa juu. Nilisema nao, sioni aibu kusema. Niliwaambia subirini, ni kwa faida yenu, tukimaliza hili nitawapikia sufuria nzima. Siku ya sita walipungua. Siku ya tisa walikuja wanne. Siku ya kumi na moja nilitazama chini nikaona mchanga na kivuli changu.

Siku ya kumi na mbili nilivaa shati safi, nikakaa jiweni tangu alfajiri. Saa nne gari la ofisi likapita barabarani juu, bila kusimama, limembeba mtu mgeni mwenye mifuko mirefu myembamba. Saa nane nikaenda kwa Kinyozi.

"Yule binti?" akasema. "Mafunzo yake yamekwisha tangu Ijumaa, amerudi chuoni. Alipita hapa akaniuliza njia ya kwako, lakini gari la kumpeleka stendi lilikuwa limeshapiga honi."

"Na kurudia kuhesabu?"

Kinyozi alikung'uta nywele kwenye taulo muda mrefu kuliko nywele zilivyokuwa.

Jumatatu wakaja mafundi wawili na kibao. Wakakichimbia hatua mbili kutoka jiwe la mke wangu. Nilisoma mwenyewe, polepole, herufi moja moja. ZIWA LIMEFUNGWA. NI MARUFUKU KUVUA BILA KIBALI MAALUMU. NI MARUFUKU KUOGA. Na chini kabisa, kwa rangi mbichi iliyokuwa bado inachuruzika: NI MARUFUKU KUOSHA VYOMBO NA KULISHA SAMAKI.

Basi walinisikiliza. Katika yote niliyosema pale ofisini, hilo ndilo walilolichukua.

Leseni yangu niliirudisha. Karani aliitoboa katikati kwa mashine akaitupa kwenye boksi. Siku hizi nashona nyavu za magoli ya mpira na kuziba viti vya plastiki. Ninaishi.

Wageni wa kibali maalumu walianza kuja wikiendi ile ile. Wana fimbo zinazong'aa, viti vya kukunja, kofia za kuzuia jua. Na unajua waliwekwa wapi kuvua? Jiweni. Ndivyo ripoti inavyosema, pale ndipo mkokoto mmoja ulitoa mia mbili. Walikaa tangu asubuhi hadi jioni. Mmoja alipata mzizi. Wiki ya pili wakakaa tena, wakapata jua la utosi. Nilikuwa nawatazama kutoka mlango wa nyuma, nakunywa chai, na chai ilikuwa tamu hata bila sukari.

Alhamisi moja Bwana Samaki akaja. Hakuja na gari, alikuja kwa miguu, na viatu vyake vilikuwa na tope. Akakaa kwenye kiti nilichokuwa nakiziba.

"Hujambo, mzee wangu."

Mzee wangu! Tangu lini?

"Sijambo. Kuna nini?"

"Jumamosi anakuja mkubwa wangu mwenyewe, na marafiki zake. Anapenda sana ndoano." Akajikuna shingo. "Wale samaki wako... wanaweza kurudi?"

"Kibao kinasema marufuku."

"Kibao nimekiweka mimi."

"Najua."

"Siku mbili tu, mzee. Kijiko kidogo, asubuhi. Nani ataona? Na wewe ukitaka kutupa ndoano yako kule kwenye matete, mimi huko sitazami. Unanielewa? Miaka yote mitatu, sitazami."

Nilielewa. Niseme kweli, nilitamani, maana mikono yangu inajua mshipi kuliko inavyojua chochote, na kule kwenye matete najua kila shimo. Nilikuwa naona kabisa ndoano inazama.

Halafu nikamwona mke wangu amechuchumaa, na sauti yake ileile: umkaribishe mtu chakula halafu umchinje mezani?

"Hao hawakuwa samaki wangu," nikamwambia. "Walikuwa wageni wa mke wangu. Siku aliyoumwa nilikuja kuwaomba gari."

Alitazama chini. Nadhani ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kwamba viatu vyake vimechafuka.

"Mzee, ile siku mimi nilikuwa semina."

"Na mimi Jumamosi nitakuwa semina."

Akaondoka. Jumamosi walikuja watu sita. Nilipika wali, ukaungua kama kawaida. Nilikaa chumbani na beseni, nikakwangua ukoko taratibu kwa kidole ili kijiko kisigonge ukingo, na nje nikasikia mkubwa akiuliza kwa sauti kama hili ndilo ziwa lenyewe au wamepotea njia.