Kambale wa Bwana Mugenyi

Mimi Adong ndiye niliyemuuzia meneja Mugenyi wale kambale, na jambo hilo linanichoma mpaka leo. Kila miezi mitatu alikuja mwenyewe soko la Kasese, na tai yake shingoni, akataka kumi, walio hai tu. Nilidhani ana wageni wapenda mchuzi. Nikamchagulia walionona.

Kumbe kabla ya mchuzi walikuwa na kazi. Kiwanda chake cha ngozi kilikuwa kando ya kijito, na maji ya kulowekea ngozi, yenye chokaa na dawa, yalimwagwa humo humo. Chini kidogo bomba liliyavuta likatuletea sisi wa kambi ya wafanyakazi. Mume wangu Omara alifanya kazi pale, basi tulikunywa. Acan, binti yetu wa miaka miwili, alikuwa akiharisha tangu Krismasi, amebaki macho tu. Dresa wa zahanati hakunificha. "Mama Acan, dawa yangu haiwezi kushindana na hilo bomba. Lifungwe, mletewe maji mengine, au huyu mtoto hutakuwa naye."

Nikaenda kwa Mugenyi. Akanipeleka getini, kwenye birika la saruji lililojaa maji ya bomba letu.

"Mukaguzi anatoka Entebbe, anahesabu samaki," akasema. "Samaki kumi iko hai, maji iko mzuri. Ni sheria. Wewe muuza samaki unajua kuliko serikali?"

Nikachungulia. Kambale wangu kumi, raha mustarehe. Wanapanda juu, wanameza hewa, wanarudi chini.

Nilicheka, halafu hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nani wa Kahendero, kijiji cha wavuvi ninakochukua samaki, asiyejua kwamba kambale huja juu kuvuta hewa kama mimi na wewe? Nawatoa ziwani ndani ya gunia lililoloweshwa, na wanafika Kasese wakinichapa mikia. Ngege, yaani sato, hufa kabla hujaiona barabara. Kambale hata ukimtia chooni ataishi. Na mtu aliyesoma ndiye huyo anamtumia kupima maji ya mwanangu! Kama alijua au hakujua, mimi sijali. Mjinga na mwovu wote walitunywesha uchafu ule ule.

Jirani yangu sokoni, Kabugho, ni Mkonzo wa hapo hapo, amevua kijito kile kwa kikapu tangu utotoni. Aliniambia upande wa juu wa kiwanda visamaki bado vipo, lakini chini yake hajapata hata kimoja mwaka wa pili sasa. Siku ya mkaguzi tukapanda alfajiri, tukavua, tukajaza madebe mawili kwa maji ya huko juu. Omara akatukuta tukitoka.

"Adong, unataka nifukuzwe?"

"Kazi utapata nyingine. Acan utampata wapi?"

Akatupisha.

Mkaguzi, Bwana Semakula, alikuwa getini anakunywa chai na Mugenyi. Sikubisha hodi. Debe moja tukaliacha kama lilivyo, visamaki vya debe la pili tukavitia birikani. Chai yao haijafika nusu, vile vya birikani vikaanza kulala ubavu. Vya kwenye debe vikawa vinacheza tu.

"Hawa wanawake wametia sumu," Mugenyi akasema.

Semakula alitazama debe, akatazama birika. Hakuwa mjinga. Kisha akatoa kalamu.

"Mama, karatasi yangu inauliza kama samaki kumi iko hai. Haiulizi samaki gani."

Akahesabu kambale. Akatia sahihi. Kabugho alinishika mkono, la sivyo ningemvisha lile debe kichwani.

Tukarudi sokoni, tukawakusanya wauza samaki wote. Nikawaeleza, nikiwa na Acan mgongoni. Wengine walinung'unika, maana mteja hupenda kambale anayerukaruka. Lakini kila mmoja aliye na mtoto alimtazama huyu wangu, na tukakubaliana: kuanzia siku ile, kambale hapigi hatua sokoni kabla hajapigwa rungu la kichwa.

Miezi mitatu ilipofika, Mugenyi alipita meza zote na debe lake. Maiti tupu. Akamtuma dereva wake mpaka soko la Bwera, kisha la Katwe, habari zilikuwa zimemtangulia kwa wenzetu. Mwisho akaleta ngege ndani ya pipa. Mkaguzi alipofika, ngege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mara hii karatasi ilikosa samaki wa kuhesabu. Bomba likafungwa wiki ile ile, lori likaanza kutuletea maji kutoka mto Mubuku. Acan akaanza kushika uji tumboni, ingawa mpaka sasa akitembea anajishikilia ukuta.

Kisha Semakula akaja mezani kwangu, anatabasamu, amenyoosha mkono.

"Mama Acan, umetusaidia sana."

Mikono yangu ilikuwa na utelezi wa samaki. Sikuifuta, na wake sikuupokea.

"Wewe sikukusaidia. Ulijua siku ile ile. Miezi mitatu mtoto wangu amekunywa sahihi yako."