Uji Mzito wa Fransiska

Nesi Zita alimkuta mzee Margwe amepiga magoti kando ya kitanda, kijiko cha chai mkononi, akimbembeleza mkewe anywe. Ilikuwa wiki ya pili tangu Fransiska apate kiharusi. Hospitali ilimruhusu arudi nyumbani Maretadu, upande wa kulia ukiwa hauna nguvu na maneno yakitoka kwa shida.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Bibi yako hataki kula. Kila nikimpa anakohoa, ananitemea."

Akamvuta nesi hadi mlangoni, akashusha sauti. Asubuhi ile mkewe alipoanguka, walikuwa wametoka kugombana. Mzee alikuwa amempa mpwa wake ng'ombe mtamba wa Fransiska bila hata kumwambia.

"Miaka arobaini na sita," alisema. "Leo amekataa mkono wangu."

Zita alirudi kitandani, akapima joto, akasikiliza kifua mbele na mgongoni. Homa hakuna, mapafu safi. Angesikia mkwaruzo wowote, angeita gari saa hiyo hiyo. Wakamkalisha bibi wima kwa mito na mablanketi, kisha Zita akampa maji kijiko kimoja kidogo. Fransiska akameza, akakohoa, na alipojaribu kusema, sauti ikatoka na majimaji kama ya mtu anayesukutua.

"Babu, huwa unamlisha akiwa amelala?"

"Ili nisimchoshe."

"Koo lake limelegea kama ule mkono. Chai ni nyepesi, inateremka kabla koo halijajiandaa, inaingia njia ya hewa. Hajakukataa, babu. Anapaliwa."

Mzee akamgeukia mkewe. "Kweli, mama Onesphory? Siyo ule mtamba?"

Fransiska alitikisa kichwa kukataa. Halafu akafikiri, akainua mkono wake mzima, akabana vidole viwili kuonyesha: kidogo tu. Zita alicheka. Mzee alicheka pia, akijifuta macho kwa kofia.

Wakapika uji wa mahindi kwa maziwa, mzito, wa kudondoka polepole kijikoni. Zita alimwonyesha mzee namna ya kufanya: kidevu kiinamishwe, nusu kijiko, upande wa kushoto, asubiri ameze, kisha aangalie shavu la kulia kama kuna uji uliobaki. Vijiko sita vilipita bila kikohozi hata kimoja.

Zita alikuwa amewaza kumrudisha hospitali akawekewe mpira wa kulishia. Vijiko vile sita vilimbadilisha mawazo. Aliamua kumpa siku tatu, akipita kila jioni kumwangalia. "Akipata homa, akihema haraka, au ile sauti ya majimaji ikirudi, usingoje nije. Nipigie. Na akishakula, asilale kwa nusu saa."

Siku tatu zikapita, kifua kikabaki safi. Wiki ya tatu mzee Margwe alifika zahanati kwa miguu, amenyoa ndevu. Alisema bibi sasa anashika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na jana amemwambia kwa maneno kamili kwamba uji umeungua.

"Ulikuwa umeungua kweli?" Zita aliuliza.

"Sana," alisema mzee kwa fahari. Hakukubali kukaa. Saa ya kumlisha ilikuwa inakaribia, na binti yake aliyemwacha na bibi, alisema, hana subira ya kungoja ameze.