Zamu ya Asubuhi

Spana alitakiwa aseme maneno manane tu: "Nina imani na rais wetu, kiwanda kitafunguliwa tena." Basi. Angeyasema hayo akashuka jukwaani, yasingetokea yaliyotokea. Lakini mtu aliyekaa miaka miwili bila kazi, umvike ovaroli yake ya zamani, umsimamishe mbele ya umati, kweli akili itakaa sawa?

Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma blanketi, na jina la Spana alipewa humo humo kiwandani kabla hakijafungwa. Siku hizi nusu ya maduka ya mtaani yalikuwa na kufuli, na watu walikuwa wameuza hadi vitanda. Mtu wa kampeni alipomfuata na kumwahidi kwamba kiwanda kikifunguliwa jina lake litakuwa la kwanza, Spana hakuuliza maswali. Mkewe alimwambia asiende. Akaenda.

Ijumaa ile, kwenye mkutano wa mwisho wa rais, aliyasema maneno yake manane na watu wakampigia makofi. Jamani, makofi! Nyumbani hata akikohoa hakuna anayegeuka. Yakampanda kichwani, akaongeza ya kwake: "Jumatatu! Zamu ya asubuhi, saa moja kamili, tunaingia geti la nyuma kama zamani!" Uwanja ukalipuka. Redio ikarusha neno kwa neno.

Jumapili watu wakapiga kura. Spana alipiga yake mapema, akarudi kujifungia chumbani akisema kichwa kinamuuma. Kilichomuuma anakijua yeye.

Jumatatu akasikia nyayo barabarani, nyingi, zote zikielekea upande mmoja. Alitoka akijiambia kuwa watu wanakwenda kusikiliza matokeo. Uongo mtupu, na alijua.

Geti la nyuma lilikuwa limejaa. Watu wasiopungua mia tatu, ovaroli za bluu zimepauka lakini zimepigwa pasi. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Mlinzi alikuwa akiwaambia kwa mara ya kumi kwamba hajapokea barua wala simu, na mbele kabisa alisimama baba mkwe wake Spana, viatu vimeng'arishwa.

Mzee huyo alikuwa nyapara wa chumba cha kufumia kwa miaka thelathini. Ndiye aliyemfundisha Spana kazi, na ndiye aliyempa binti yake wakati ukoo mzima ulipokuwa ukisema kijana hana mbele wala nyuma.

"Acheni kelele," mzee alikuwa akiwaambia. "Aliyesema ni mkwe wangu. Namjua, hasemi uongo."

Spana alitaka kugeuka arudi alikotoka, ila mzee alikwisha kumwona. "Huyo anakuja. Baba, njoo uwaambie hawa wasio na subira."

Watu wakampisha. Mmoja akampiga bega kwa furaha, na bega likamwaka moto. Alipofika mbele akasema kwa sauti ya chini, macho chini, "Baba, naomba twende nyumbani."

"Nyumbani kufanya nini? Zamu haijaanza."

"Hakuna zamu, Baba. Mambo ya Jumatatu niliyatunga mimi. Walinipigia makofi, nikajisahau."

Mzee hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililomkata Spana maini.

"Jana nimempa yule bwana kura yangu," mzee akasema taratibu. "Mwanzo sikuwa namtaka. Mama mkwe wako akanicheka. Nikamwambia mkwe wangu ametaja mpaka saa na geti."

Nyuma yao mwanamke aliyekuwa akiosha sufi kiwandani enzi zile akapaza sauti, "Mnanong'ona nini huko? Kazi ipo au haipo?"

Spana akafungua mdomo. Mzee akamshika mkono, akaugeukia umati.

"Haipo," akasema. "Na huyu msimguse. Ni mimi niliyemwambia tunaanza Jumatatu. Nilijitia kujua habari za wakubwa, naye akaniamini kwa sababu mimi ni mkwe wake. Nisameheni."

Waliamini, kwa nini wasiamini? Nani angembishia mkwe wake? Yakaanza matusi. Mwanamke wa sufi akasema mzee mzima ovyo, hana hata haya. Mwingine akatema mate karibu na vile viatu. Nyapara wa miaka thelathini, aliyekuwa akipita kati ya mitambo watu wakinyoosha mgongo, akasimama akitukanwa na watu aliowafundisha kazi yeye mwenyewe.

Na Spana je? Alikuwa pale pale. Alitakiwa aseme maneno mawili tu, "Ni mimi," na alikuwa nayo mdomoni. Akawaza ile orodha ya mtu wa kampeni, kwamba huenda jina lake bado liko juu. Aliliwaza hilo, akajichukia, na bado akanyamaza.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee alimwachia mkono.

"Tangulia wewe," akamwambia. "Wasije wakakugeukia."

Naye akatangulia.