Siku ya Kubomoa Jiko

Watazamaji wa mwisho walipokwisha kutoka, LaVonne Tesmer alipanda jukwaani, akavuta kiti, akaketi kwenye meza ya jiko ambalo halikuwa jiko. Bomba la sinki halikuwa na maji, tanuri halikuwahi kuwaka moto, na dirisha lilitazamana na shuka lililopakwa rangi ya buluu. Lakini mbao zilikuwa mbao za kweli, na aliyezipiga randa alikuwa mumewe Delmar, aliyezikwa Jumanne.

"Hapa habomoi mtu," alisema.

Wenzake walikuwa wameshasimama na nyundo mikononi, watu kumi na wawili, wengine wangali na poda usoni. Kikundi cha maigizo cha mji wa Pellman kina sheria moja inayoheshimiwa kuliko hata kukariri maneno: mchezo ukiisha Jumapili saa kumi, saa moja jukwaa liwe tupu. Haendi mtu nyumbani, awe aliigiza mfalme au mbeba trei. Kesho yake huanza mazoezi ya mchezo unaofuata, na safari hii ulikuwa ule wa kiangazi, wenye nyimbo na kucheza ngoma. Ukumbi wao, ambao zamani ulikuwa ghala la nafaka, hauna nafasi ya nyumba mbili.

Na sheria hiyo aliitunga nani? Delmar mwenyewe. Kwa misimu thelathini na mmoja aliwajengea makasri, magereza, mpaka meli nzima, na kila alichokijenga alikibomoa kwa mkono wake. Mtu akimwomba kipande cha ukumbusho, alimjibu kwa ukali, "Ukumbusho weka kichwani. Ubao una kazi." Nyuma ya kila ubao aliandika kwa penseli jina la mchezo ulimotumika, na zilikuwapo mbao zenye majina saba.

Corinne Haugstad, mwenyekiti wa kikundi, alikuja akachuchumaa kando ya kiti. Yeye na LaVonne walijuana tangu wakiwa na mapengo ya meno ya utotoni.

"Dada, nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka hamsini. Leo pumzika."

"Unajua Delmar angesema nini."

"Delmar hasemi kitu, Corinne. Ndiyo shida yenyewe." LaVonne alilalia meza kwa viwiko. "Naomba wiki moja. Moja tu. Nije nikae hapa ninywe kahawa yangu, halafu bomoeni mpaka sakafu mkitaka."

Hakuwa mtu wa kuomba, na kila mmoja pale alilijua hilo. Nyumbani kwake kulijaa sinia za viazi na nyama walizoleta majirani, na kila kitu Delmar alichokijenga kule alikijenga zamani, wakiwa vijana. Hapa ndipo mkono wake ulipoishia. Unga wa mbao ulikuwa bado kwenye pembe za sakafu. Rafu ya vikombe aliiweka chini mno, hadi mwigizaji wa kike akalalamika kwamba kila akitaka kikombe lazima ainame. "Si ainame tu," Delmar alijibu, mjadala ukaishia hapo. LaVonne, aliyekuwa mtunza vyombo vya jukwaani, aliipenda rafu ile. Tangu alipoteleza kwenye barafu misimu miwili iliyopita, mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi kupita bega, na hata wa kushoto aliunyanyua kwa kusaga meno.

Kip Osterlund, daktari wa meno aliyeigiza mtoto anayegombea shamba la baba yake, alikuna kichwa. "Mama, mimi sikatai wiki. Ninachoogopa ni hiyo misumari. Misumari ya mzee, ukiondoa yeye, nani amewahi kuing'oa bila kupasua ubao?"

Alisema kweli. Delmar alikuwa mtu wa misumari. Skrubu alizidharau waziwazi, akisema ni za mtu asiyejiamini. Siku ya kubomoa aliwafukuza wote pembeni, akashika mtaimbo wake mfupi, akang'oa msumari mmoja mmoja huku akipiga mluzi, na mbao zikatoka nzima.

"Ngoja niangalie ukubwa wa balaa," Kip alisema. Akawasha tochi, akazunguka nyuma ya ukuta.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Mama, hebu njoo uone."

"Nikiinuka mtabomoa."

"Haki ya Mungu hatugusi. Njoo."

LaVonne aliinuka, Corinne akamfuata. Nyuma ya ukuta, mwanga wa tochi ulimulika vichwa vya skrubu, vipya, vinang'aa, safu kwa safu. Msumari haukuwapo hata mmoja. Kando ya kila skrubu paliandikwa namba kwa penseli, kwa mwandiko wa Delmar uliolala kama nyasi. Karibu na mlango palikuwa na mshale na maneno mawili: *Anza hapa.* Namba zilikwenda hadi thelathini na nane. Na chini ya majina ya michezo ya zamani, kila ubao ulikuwa umekwisha kuandikiwa kazi yake ijayo: huu ngazi ya kiangazi, huu paa la Krismasi, ule kaunta ya duka. Msimu mzima ujao alikuwa ameshaugawa.

Mtu anayetegemea kuwapo siku ya kung'oa, hupiga misumari yake kama kawaida.

LaVonne alikumbuka Alhamisi zote tangu Januari, Delmar akiendesha gari kwenda mji mkubwa "kutazama mbao" na kurudi bila ubao, akisema zimepinda. Alikumbuka alivyokuwa akisimama katikati ya ngazi akihema, akisingizia vumbi la randa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Delmar kifo hakikumuumbua. Kilimchukua usingizini, kwa adabu zote. Aliumbuliwa na skrubu.

"Alijua," LaVonne alisema. Kisha akaupiga ukuta kwa kiganja, jiko zima likatikisika. "Mshenzi huyu alijua! Miezi mitatu analala ubavuni kwangu, anajua, na anaamka kuja kujenga jiko! Angeniambia, Corinne! Ningekaa naye. Ningewaacha na vikombe vyenu vya uongo, ningekaa na mume wangu!"

Makaburini hakulia, maana alikuwa na kazi ya kuwashukuru watu. Sasa alilia kwa sauti, mbele ya wote, kilio kibaya kisicho na mpangilio, na Corinne akamshika kiunoni asianguke. Waliokuwa na nyundo waliziweka chini moja moja.

LaVonne alipopata pumzi, Kip alimuuliza polepole, "Tuondoke, mama? Tukuachie wiki yako?"

LaVonne alipangusa uso kwa mkono wa sweta. Akautazama mshale.

"Nipe bisibisi. Siyo hiyo ya umeme."

Ya kwanza aliizungusha kwa hasira, kama anayemsokota mtu sikio. Skrubu haikuwa imekazwa sana. Ilitoka kwa mkono mmoja. Akaitia mfukoni, akaenda ya pili, ya tatu. Alipofika ya kumi na moja, kwenye ubao mrefu uliopanda mpaka juu ya dirisha, alisimama akiitafuta namba kule juu. Haikuwapo. Ilikuwa usawa wa kiwiko chake.

"Umeruka za juu," Kip alisema. "Ngoja nipande ngazi."

"Hakuna za juu."

Kip alimulika. Kule juu Delmar alitia kulabu tu, ambazo hujiachia zenyewe skrubu za chini zikishatoka. LaVonne alitembea akiufuata ukuta kutoka mwanzo hadi mwisho, akigusa kila namba kwa kidole. Ya kumi na tano kiunoni. Ya ishirini na mbili kifuani. Hakuna hata moja iliyopita bega lake. Katika kikundi kile walikuwapo watu warefu na wafupi, vijana na wazee, lakini asiyeweza kunyanyua mikono alikuwa mmoja tu.

Delmar neno hakumwambia. Alikuja humu peke yake, amechoka, akampimia bega.

LaVonne alirudi kwenye ya kumi na moja. Wenzake walizipokea mbao kila zilipoachia, wakazipanga ukutani kwa majina yaliyoandikwa, bila kelele za Jumapili nyingine. Dirisha lilikwenda, sinki likaenda, rafu ya vikombe ikaenda. Corinne alimnong'oneza achukue japo mlango, hakuna atakayesema kitu. LaVonne aliugeuza akasoma nyuma yake, *duka, kiangazi*, akampa Kip aupeleke.

Saa moja kasoro dakika tano ilikuwa imebaki skrubu moja, ya thelathini na nane, chini kabisa ya nguzo ya mwisho. Alipiga magoti, akaitia bisibisi, kisha akatulia. Baada ya hiyo hakukuwa na kitu kingine ambacho Delmar alimwachia afanye. Watu wote walisimama wakingoja, na hakuna aliyemharakisha. Saa ya ukutani ilipogonga, akaizungusha.